Jina Ni la Kuitwa, Si la Kufungiwa



Jumapili moja baada ya Misa, kijana mmoja wa kwaya alinisubiri kwenye ngazi za kanisa, simu mkononi. Siku chache kabla yake alikuwa ameandika swali fupi katika kikundi cha WhatsApp cha vijana wa mtaa wake: kwa nini, katika kuchagua kamati ya kisima, watu walitazama kabila kwanza na uwezo baadaye? Kabla ya jua kuzama alikuwa amekwisha kupewa majina manne. Mmoja alimwita mtumwa wa chama kinachotawala, mwingine alimwita mpinzani, wa tatu akasema ni damu ya mama yake inayosema ndani yake, wa nne akamwita Farisayo. Swali lenyewe halikujibiwa na mtu.

Lakini si hilo lililomleta kwangu. Alinionyesha mahali pale chini ya picha yake, ambapo mwenye simu huandika maneno machache ya kujieleza. Katika juma lile alikuwa ameyabadilisha mara tano. Kwanza aliandika kabila lake kwa majivuno. Kisha akaandika kwamba hana kabila. Kisha akajiita mtetezi wa haki, kisha Mkatoliki asiyeogopa. Mwishowe alifuta yote, na nafasi ile tupu ikamtia aibu. "Papa Katekista," akaniuliza, "niandike nini ili watu wajue mimi ni nani?"

Siku ile sikuwa na jibu. Leo nathubutu kulitoa: hakuna aliyetuwekea wajibu wa kuimaliza sentensi inayoanza na "mimi ni". Mkristu anaweza kusema ukweli mbele ya watu wote, katika Facebook kama sokoni, bila kujifungia katika neno moja, na bila kukubali kufungiwa humo na wengine.

Sisi wa Katanga tunajua neno moja linaweza kugharimu nini. Katika miaka ya 1992 na 1993, ndugu zetu wenye asili ya Kasai walianza kuitwa bilulu, yaani wadudu. Wazee wao walikuwa wamekuja wakati wa ukoloni kwa kazi za reli na za migodi ya Union Minière. Wengi wao wenyewe walikuwa wamezaliwa hapa. Neno lilitangulia, fimbo ikafuata. Huko Likasi na Kolwezi maelfu walifukuzwa katika nyumba zao, wakalala siku nyingi kwenye vituo vya reli wakingoja treni ya kuwapeleka Kasai, nchi ambayo baadhi yao hawakuwa wameiona kamwe. Wengi walikufa kwa njaa na maradhi.

Mimi nilikuwa mwanafunzi wa ualimu. Sikumfukuza mtu, wala sikuchoma nyumba. Lakini neno lile nililitamka, tena kwa kicheko, nikiwa kati ya wenzangu. Mwenzetu mmoja wa darasa, aliyekuwa amenisaidia hesabu kwa miaka miwili, alikuwa karibu, akanisikia. Hakusema kitu. Aliondoka na jamaa yake kabla ya mitihani. Dhambi hiyo nimeiungama, lakini yeye sijamwona tena nimwombe radhi. Wakati ule hatukuwa na simu. Neno lilitembea kwa miguu, na hata hivyo lilifika. Leo linaruka, na anayelituma haoni uso wa anayelipokea.

Kuna pia kibandiko cha aina ya pili, kile ambacho watu hujibandika wenyewe. Nchi yetu ilikionja. Mwezi wa Oktoba 1971 ilipewa jina la Zaire, na mwaka 1972 serikali ikakataza majina ya kikristu kwa ajili ya kile ilichokiita uhalisi wetu. Kardinali Malula alipinga, akalazimika kwenda kukaa Roma kwa muda. Sisi tuliozaliwa miaka ile tulikuwa na jina la daftari la shule na jina la kanisani. Tuseme haki: kuyaheshimu majina ya mababu ni jambo jema, na Malula mwenyewe alitamani sana ibada yetu ivae sura ya Kiafrika. Kosa lilikuwa kudhani kwamba amri inaweza kumwambia mtu yeye ni nani, na kwamba akishaambiwa, hakuna lingine la kutafuta.

Kinachofanyika leo katika simu zetu kinafanana na hayo, ila kinakuja kwa sauti laini. Facebook na TikTok huishi kwa matangazo ya biashara, na mwenye biashara anataka kujua kila mtu yuko katika fungu gani. Ukipenda habari ya namna moja, unaletewa nyingine kumi za namna hiyohiyo, mpaka unadhani dunia nzima imegawanyika kati ya watu wako na maadui wako. Papa Fransisko aliliona jambo hili. Katika ujumbe wake wa Siku ya Mawasiliano ya mwaka 2019 alionya kwamba katika mitandao watu hujitambulisha mara nyingi kwa kumpinga yule aliye nje ya kundi lao, wakianza na yanayotenganisha badala ya yanayounganisha.

Vijana hunijibu: "Nisipojieleza mimi, wengine watanieleza." Hoja hiyo ina nguvu, wala siidharau. Lakini tufungue Injili ya Yoane, sura ya kwanza. Makuhani na Walawi walitumwa kutoka Yeruzalemu kumwuliza Yoane Mbatizaji yeye ni nani. Walikuwa na vibandiko tayari: Kristu, Elia, nabii. Yoane alivikataa vyote kimoja kimoja. Walipomsihi aseme basi neno moja juu yake mwenyewe, ili wawapelekee waliowatuma, alijiita sauti tu, sauti iitayo jangwani. Sauti haionekani, inamwelekeza msikilizaji kwa mwingine anayekuja. Tena Yoane hakunyamaza. Yeye aliyekataa kujieleza ndiye aliyemwambia Herode wazi kwamba si halali kwake kumchukua mke wa ndugu yake, na maneno hayo yakamtia gerezani.

Mtakatifu Paulo anakwenda mbali zaidi. Akiwaandikia Wakorinto barua ya kwanza, sura ya nne, anasema kwamba si kitu kwake kuhukumiwa na watu, tena hata yeye mwenyewe hajihukumu. Anayemhukumu ni Bwana. Sisi hushika nusu ya kwanza: msinihukumu! Nusu ya pili tunaisahau. Mimi pia simjui kabisa huyu ninayemwita mimi. Kijana wa miaka ishirini ajuaje leo atakavyokuwa Mungu akishamfinyanga kwa ndoa, kwa msiba, kwa kazi? Mwalimu aliyeandika katika kitabu chake kwamba mtoto fulani ni mjinga amemfungia mtoto mlango. Na mtoto akiamini hivyo juu yake mwenyewe, amegeuza ufunguo kwa ndani.

Wengine watauliza: je, Ukristu wenyewe si kibandiko? Tukumbuke siku ya ubatizo. Jambo la kwanza ambalo padri huwauliza wazazi mlangoni ni jina la mtoto. Haulizi tabia yake, wala chama, wala msimamo. Kisha humtia ishara ya msalaba katika paji la uso. Jina hutolewa ili mtu aitwe, naye apate kuitika. Kibandiko hutolewa ili watu wasihitaji kumwita tena, kwa maana wanadhani wamekwisha kumjua. Watu wa Yeriko walikuwa na neno lao kwa mtoza ushuru aliyepanda mti: mwenye dhambi. Yezu alimwita Zakayo, naye akashuka.

Haya yasitufanye waoga wa kusema. Wizi ni wizi, na anayekula fedha ya kisima ameiba. Tendo liitwe kwa jina lake, na mtu aitwe kwa jina lake. Ukitaka kuandika, andika juu ya jambo uliloliona na unaloweza kulishuhudia. Ukibandikwa jina, usijibu kwa kubandika lingine. Rudia swali lako kwa upole, au zima simu ukalale. Na akitajwa mtu asiyekuwapo, fanya kama Filipo. Natanaeli alipotia shaka kama jema laweza kutoka Nazareti, Filipo hakubishana naye juu ya Nazareti. Alimwalika aje aone.

Juma lililopita yule kijana alinionyesha tena simu yake. Chini ya picha ameandika jina lake la ubatizo na jina la babu yake, basi. Swali lake juu ya kisima amelirudisha kikundini, kwa maneno yaleyale. Safari hii mama mmoja wa jumuiya yetu alimjibu: "Mwanangu, njoo Alhamisi, tutazame daftari ya michango pamoja."

Bwana, uliyetuita kila mmoja kwa jina lake, utufundishe kuitana hivyo.