Saiba na Agroveti Zimepakana, Digrii Zao Hazijuani

Wazazi wa Gusii, leo nitawakosea adabu kidogo, mtanisamehe.

Mtoto akiitwa na KUCCPS kusoma kompyuta, kuku anachinjwa na mjomba wa Nairobi anapigiwa simu usiku huohuo. Akiitwa kusoma sayansi ya mazao, nyumba inanyamaza kama matangani. "Yaani karo yote hiyo, halafu unarudi kushika jembe?" Na anayeuliza hivyo, karo yenyewe aliitoa kwa majani chai na ndizi. Maze!

Sina ugomvi na kompyuta. Ugomvi wangu ni kwamba hizi kozi mbili zinafundishwa kana kwamba moja ni ya wenye akili na nyingine ni ya waliokosa, na vyuo vinakubali hivyohivyo. Anayelipia ujinga huo ni mwenye shamba.

Tembea Keroka, tembea Nyamira mjini, panda kutoka Daraja Mbili uingie Kisii mjini. Utakuta saiba, na ukuta wa pili agroveti. Kwa saiba mara nyingi ni kijana wa digrii ya kompyuta, anajazia watu fomu za KRA na kuprinti. Kwa agroveti ni mwenzake wa mazao, anauza dawa ya kupe. Mama anakuja na jani la mgomba lililonyauka. Wa agroveti anampa chupa iliyo karibu na mkono, kwa sababu hajaandika popote kwamba majirani watano wa mama huyo walileta jani kama hilo wiki hiyohiyo. Wa saiba angemtengenezea rekodi hiyo jioni moja tu. Lakini hakuna aliyewahi kumwambia kwamba jani la mgomba ni kazi ya kompyuta.

Angeambiwa na nani? Nilikaa kwenye darasa la utangulizi wa kompyuta, chuo sitakitaja. Tulikariri vizazi vya kompyuta kuanzia zile za kujaza chumba kizima. Tukageuza kumi kuwa sufuri na moja. Mradi wa mwisho ukawa mfumo wa kuazimisha vitabu vya maktaba. Waliotutangulia, maktaba. Waliotufuata, maktaba. Kwani Gusii tuna maktaba ngapi jamani?

Roho ya programu yoyote ni "kama hivi, basi vile, la sivyo vingine". Mfano wake umesimama nje ya dirisha. Mgomba unanyauka, unakata shina. Kama panatoka usaha wa manjano, na ndizi zinaiva kabla ya wakati huku ndani zimeharibika, shuku mnyauko wa bakteria, ule uliogunduliwa kwenye migomba ya Uganda mwaka 2001 ukasambaa kanda hii. Kama hakuna usaha ila mistari ya kahawia-nyekundu ndani ya shina, na majani yalianza kukauka yale ya chini, shuku mnyauko wa Fusari, ukungu unaokaa udongoni miaka mingi. Hii tofauti si ya mtihani. Ule wa bakteria unasafiri kwa panga na kwa wadudu wanaotembelea ua la mgomba, kwa hivyo panga unalipitisha motoni au kwenye Jik, na lile ua dume unalivunja kwa kijiti chenye panda, hulikati kwa kisu. Ule wa Fusari, hata panga likiwa safi namna gani, udongo umeshaubeba. Unatafuta aina ya mgomba inayostahimili au unapanda kitu kingine hapo.

Hiyo ni programu ya mistari kumi. Mwanafunzi wa mazao ataielewa kabla ya chai ya saa nne, na wa kompyuta atatoka darasani akijua kinachoua migomba ya nyanya yake.

Halafu jedwali. Tunafundishwa wastani kwa alama za wanafunzi wa kubuni, ilhali kila boma la chai Nyamira lina risiti za majani, kilo kwa kilo, siku kwa siku. Chukua za mwaka mmoja, zipange kwa mwezi, weka mvua pembeni, weka tarehe ya mbolea. Kila bonasi ikitoka tunalia kwamba wenzetu wa Mlima Kenya wamelipwa zaidi. Kulia ni haki yetu. Ila nani kwetu ana hesabu yake mwenyewe mkononi anapolia?

Na tukishagusa mbolea, tuseme ukweli. Ile NPK 26:5:5 ya chai huingia kwenye mahindi kimyakimya, kila mtu anajua. Chai inapenda udongo wenye asidi. Mahindi na maharagwe hayapendi ikizidi, na mahindi machanga yanataka fosforasi, ambayo kwenye mfuko huo ni ile tano ya katikati tu. Shamba lenyewe ndugu wameshaligawana hadi robo ekari. Mwenye ekari mia anaweza kukosea kona moja akalala. Kwetu kona ndiyo shamba.

Wapo watakaosema kompyuta ni ya dunia nzima, tusiwaletee ndizi darasani. Sawa, tuangalie dunia. Kuna programu ya simu inaitwa Nuru, ya PlantVillage, iliyotengenezwa na Chuo Kikuu cha Penn State cha Marekani pamoja na IITA. Inatambua magonjwa ya mihogo kwa kamera, inafanya kazi bila intaneti, na Kiswahili inazungumza. Utafiti uliotangulia ulitumia picha za mihogo zilizopigwa Tanzania. Kompyuta haikuzaliwa ikijua ugonjwa. Ilibidi mtu wa mazao aangalie picha na kusema huu ni batobato, ule ni michirizi. Bila huyo "aliyekosa kozi nzuri", ile mashine ni kipofu.

Mwaka 2013 kilimo kilishuka kwa kaunti, na mwaka huohuo Chuo Kikuu cha Kisii kikapata hati yake. KALRO nao wana kituo hapahapa Kisii. Wataalamu tunao, maofisa wa nyanjani wa kaunti wapo ingawa hawatoshi, na vijana wenye simu ndio hao wamejaa kila stendi ya bodaboda. Kinachokosekana ni darasa la kuwakalisha pamoja, na hilo halihitaji jengo wala mfadhili. Ni mhadhiri wa kompyuta kuvuka uwanja aende kubisha kwa mhadhiri wa mazao.

Kwa hivyo wewe unayeanza mwaka wa kwanza, wiki ile mhadhiri atakapotaja mfumo wa maktaba, inua mkono. Mwambie kwa heshima, "Mwalimu, tunaomba mradi wa kituo kimoja cha majani chai, mwezi mmoja, risiti tutaleta sisi." Akikataa, aeleze darasa zima kwa nini.