Anayeshika taa naye ni fundi

Ifikapo Agosti au Desemba, ni nadra Jumamosi kupita huku Theta, baina ya Ruiru na Thika, bila kusikika honi za magari yaliyopambwa kwa riboni yakipita kando ya mashamba ya kahawa. Arusi ni furaha ya jamii nzima. Wiki chache baadaye picha huletwa, jamaa hukusanyika kuzitazama, na mpigapicha humiminiwa sifa. Wahenga walinena kwamba ukiona vyaelea, vimeundwa. Lakini ni nani aulizaye habari za kijana aliyesimama nyuma ya mpigapicha, mkoba begani na taa mkononi?

Nauliza hivyo kwa sababu ya kisa nilichokishuhudia. Katika arusi moja ya jirani zangu, mpigapicha alikuja na msaidizi mmoja, kijana aliyekuwa amemaliza shule mwaka huo. Ibada ilipokwisha, ukafika wakati wa picha za jamaa. Nyanya yake bibi arusi, mkongwe aliyetembea kwa mkongojo, alikuwa ameketi chini ya mti akingoja kuitwa. Orodha ya jamaa alikuwa nayo yule msaidizi. Hakuisoma. Alikuwa upande wa pili wa uwanja, penye magari, akijipiga picha kwa simu yake. Makundi yakapigwa picha, mvua ikatishia kunyesha, watu wakakimbilia hemani. Ajuza yule hakuitwa. Mwaka haukuisha kabla hajaaga dunia, na katika mamia ya picha za siku ile hamna hata moja aliyopigwa pamoja na mjukuu wake.

Si nia yangu kumtwika kijana yule lawama zote. Nilipozungumza naye baadaye, alinieleza kwamba hakuna aliyemfafanulia kazi yake. Aliambiwa tu aje asaidie. Hapo ndipo kosa lilipo. Tumezoea kudhani kwamba kusaidia hakuhitaji mafunzo, kwamba yeyote mwenye mikono miwili anatosha. Mimi nashikilia kwamba kusaidia ni taaluma yenye ujuzi na maadili yake, na asiyejua kumsaidia fundi hawezi kuwa fundi.

Hebu tuitazame kazi yenyewe. Msaidizi mwema huianza siku moja kabla ya arusi. Hujaza betri umeme, huhesabu kadi za kuhifadhia picha, hupangusa lenzi, na huuliza ratiba pamoja na majina ya wazee wasiokosa kupigwa picha. Kanisani humwuliza mhubiri ni wapi panaporuhusiwa kusimama. Aidha, sharti azijue mila za wenyeji. Katika arusi ya kitamaduni ya Wakikuyu, yaani ngurario, bwana arusi humtafuta mchumba wake miongoni mwa wasichana waliofunikwa leso gubigubi. Baadaye hukatwa mkono wa mbuzi uitwao kiande. Mambo hayo hufanyika mara moja tu, na hayarudiwi kwa sababu betri imekwisha.

Isitoshe, ni lazima alielewe jua. Theta iko karibu sana na ikweta. Adhuhuri, hasa mwezi wa Machi na Septemba, jua husimama utosini na kutia vivuli machoni pa watu. Hapo msaidizi huinua kitambaa cheupe au ubao mng'avu ili kuurudisha mwanga usoni, na huenda akasimama hivyo muda mrefu, jasho likimtiririka. Jioni nayo giza huingia kwa haraka. Sherehe ikichelewa, asiye na taa tayari hana picha. Zamani za filamu, mkanda wa kawaida ulitoa picha 36, kwa hivyo mkanda mwingine ulipaswa kuwa mkononi kabla ya ule wa kwanza kwisha. Leo twaweza kupiga maelfu, lakini kadi moja ikipotea, arusi nzima imepotea nayo. Kwa hivyo, kabla ya kulala, msaidizi huhakikisha kwamba picha zote zimenakiliwa mahali pawili.

Kuna na jambo la siri. Msaidizi huingia chumba anachovalia bibi arusi. Huona machozi, huona jamaa wakizozana juu ya mahari. Akiyatangaza hayo kwa simu yake, ameisaliti nyumba iliyomkaribisha. Katiba yetu ya mwaka 2010, katika kifungu cha 31, inamhakikishia kila mtu faragha. Lakini hata bila sheria, adabu ingetosha.

Watakaosema kwamba nafasi ya pili ni ya watu duni, wakumbuke historia ya taaluma yenyewe. Mohamed Amin, Mkenya ambaye picha zake za njaa ya Ethiopia mwaka 1984 ziliutikisa ulimwengu, hakufanya kazi peke yake. Mwaka 1991 ghala la silaha lililipuka mjini Addis Ababa. Amin alipoteza mkono. John Mathai, aliyekuwa akimrekodia sauti, alipoteza maisha. Jina la Amin twalijua. La Mathai walijuao ni wachache. Je, kazi ya Mathai ilikuwa duni?

Hata hivyo, heshima isiishie mdomoni. Wapo wanafunzi wa vyuo huku Juja na Thika wanaojitafutia karo kwa kazi hii mwishoni mwa juma, na wapo waajiri wanaodhani sahani ya pilau ni mshahara. Hilo ni dhuluma. Malipo yatajwe kabla ya siku ya kazi, na majukumu yaelezwe waziwazi. Msaidizi naye, akishakubali, asigeuke katikati ya sherehe kuwagawia wageni nambari yake ya simu ili amnyang'anye mwajiri wateja.

Walimu wenzangu, mtaala wa umilisi unatutaka tufunze stadi za maisha. Basi tuanze na hii. Siku ya michezo au ya wazazi, tumkabidhi mwanafunzi mmoja kamera na mwingine orodha na taa, kisha tuwabadilishe nafasi. Na tunapotoa alama, tusimsahau yule wa pili.

Nanyi vijana, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mkiitwa Jumamosi ijayo kushika taa, ishikeni kwa makini. Na kabla watu hawajatawanyika, tazameni chini ya mti: huenda kuna mkongwe ambaye hajaitwa.