Nguvu za Kiume Huanzia Kichwani

Wahenga walinena kuwa mficha uchi hazai. Lakini huku kwetu pwani liko jambo ambalo wanaume twalificha hata kwa daktari, nalo ni kupungukiwa na nguvu za unyumba. Barazani kila mmoja ni simba. Likimfika mtu, hukimbilia supu ya pweza, mkuyati na unga wa vichochoroni. Visipofaa, watu huanza kunong'ona kwamba bwana huyo amefungwa. Na mshukiwa wa kwanza huwa ni mke aliye ndani. Ni nyumba ngapi zimevunjika kwa dhana hiyo?

Mimi nasema twatafuta mchawi pasipo na mchawi. Nguvu hizo huanzia kichwani. Mtu awazapo au aonapo la kumvutia, ubongo hupeleka habari kupitia uti wa mgongo hadi kwenye mishipa ya fahamu iliyo chini ya kiuno. Mishipa hiyo hutoa hewa iitwayo naitriki oksaidi, ambayo hulegeza mishipa ya damu, na damu ikajaa. Njia hiyo ikikatika, hata mwenye kifua cha hamali huenda asifaulu.

Ni nini basi kinachoikata? Kwanza ni fikira. Mwenye deni, mwenye ugomvi na mkewe, au anayeogopa kuaibika tena, mwili wake huwa kama wa mtu anayefukuzwa na mbwa: mishipa ya damu ya sehemu hizo hujikaza. Hofu ya kushindwa ndiyo humfanya ashindwe. Mtu kama huyo mara nyingi akiamka alfajiri huiona nguvu yake ipo, kwani usingizini ubongo huiamsha mara kadhaa bila ya yeye kujua.

Pili ni maradhi. Sukari iliyozidi kwa miaka huharibu mishipa ya fahamu, na ya damu pia. Presha, sigara, ajali ya uti wa mgongo na baadhi ya dawa huweza kuleta udhaifu huo huo. Wako wanaume ambao hiyo ndiyo iliyokuwa dalili yao ya kwanza ya sukari au ya moyo. Anayekwenda kwa mganga asipimwe hupoteza fedha, huku maradhi yakimla ndani kwa ndani.

Tangu 1998 viko vidonge vya kusaidia damu kufika. Tahadhari! Vidonge hivyo havifanyi kazi ikiwa hakuna msisimko wa kimapenzi. Tena, anayetumia dawa za moyo za aina ya naitreti akivimeza, presha yake yaweza kuporomoka hata akafa.

Watasema ni aibu kuyataja haya. Nami nauliza: Je, Bibi Umm Sulaym hakumwuliza Mtume (s.a.w.) juu ya janaba ya mwanamke, akajibiwa? Ikiwa yeye hakuona haya kutafuta elimu, vipi mwanamume mwenye ndevu zake aone haya mbele ya daktari?

Dua na isomwe, haina ubaya. Lakini siku hiyo hiyo sukari na presha zipimwe. Na wewe bwana, kabla hujamtia mkeo makosani, keti naye umweleze yaliyo moyoni. Huenda nusu ya dawa ikawa hapo.