Njia Mbili Zilimshinda Fisi: Je, Njia ya Tatu Ipo?

Wahenga walisema njia mbili zilimshinda fisi. Alisikia harufu ya nyama penye njia panda, asijue inatoka upande gani. Akapeleka miguu ya kulia huku na ya kushoto kule, mpaka akapasuka msamba. Kwa miaka mingi nimeutumia mfano huu darasani kuwaonya wanafunzi wasioweza kuamua. Siku hizi nautumia kujionya mwenyewe, kwa maana nimewahi kuwa fisi huyo, tena nikiwa nimekalia kiti cha mwenyekiti.

Ilikuwa katika kamati ndogo ya chuo nilikofundisha zamani. Nyuma ya madarasa palikuwa na miembe mikongwe, na uongozi ulitaka kujenga ukumbi wa mihadhara mahali hapo. Kundi moja likasema maendeleo hayasubiri miti. Jingine likasema miti ile ni kivuli chetu na historia yetu, haiguswi. Nikatoa uamuzi nilioudhani kuwa wa hekima: tukate nusu ya miti, tujenge nusu ya ukumbi. Wajumbe wakaafiki, wengi wao kwa uchovu. Ukumbi ule haukutosha hata darasa la mwaka wa kwanza, na miembe iliyosalia, ambayo mizizi yake ilikatwa wakati wa kuchimba msingi, ilikauka mmoja baada ya mwingine. Tukakosa vyote viwili.

Nilidhani namfuata Aristotle. Yeye hufundisha kuwa wema wa tabia hukaa kati ya kuzidi na kupungua: ujasiri, kwa mfano, uko kati ya woga na ujuba. Lakini nilikuwa nimemsoma kwa haraka. Aristotle mwenyewe anakataa hesabu ya kugawa kwa mbili. Ikiwa vipimo kumi vya chakula ni vingi mno na viwili ni vichache mno, asema, haifuati kwamba mkufunzi ampe kila mwanamichezo sita; sita huenda vikawa vichache kwa Milo, yule mwanamieleka mashuhuri, na vingi kwa anayeanza mazoezi. Kiasi hupatikana kwa kumtazama mtu, wakati na kusudi. Hakipatikani kwa kukunja kamba katikati.

Fundisho la jamii hiyo nimelikuta pia mahali nisipopatarajia: kwa Wadruidi, watu wa dini na sheria miongoni mwa Wakelti wa kale huko Gaul, nchi ambayo sehemu yake kubwa leo ni Ufaransa, na huko Uingereza. Julius Caesar, aliyeiteka Gaul, ameandika kwamba Wadruidi ndio walioamua mashauri ya mauaji, urithi na mipaka, na kwamba baadhi yao walisoma kwa miaka 20, wakihifadhi elimu yao kichwani kwa kuwa waliona si halali kuiandika. Kwa sababu hiyo twawajua kupitia macho ya wageni tu. Lakini waandishi wawili wa Kigiriki, Diodorus na Strabo, wanasimulia kwamba wenye hekima hao waliweza kusimama kati ya majeshi mawili yaliyokwisha kujipanga, na vita vikakoma.

Nimeitafakari sana picha hiyo. Anayesimama kati ya mikuki ya pande mbili yuko hatarini kuliko aliyejificha ndani ya safu. Wala hakwenda pale kuwaomba wapigane nusu ya vita. Alikwenda kuuliza kama vita vyenyewe vina haja.

Udruidi wa leo si mwendelezo wa moja kwa moja wa ule wa kale. Ulifufuliwa kuanzia karne ya 18, na mmoja wa waliouhuisha, Iolo Morganwg wa Wales, alighushi maandishi mengi akidai ni ya kale. Hata hivyo, fikra njema haipotezi thamani kwa kuwa ni changa. John Michael Greer, Mdruidi na mwandishi wa Marekani, hufundisha kwamba penye mawazo mawili yanayopingana yafaa tutafute la tatu, kwa sababu akili iliyofungwa kwenye mbili huona rafiki na adui tu. La tatu si lazima liwe katikati. Laweza kuwa mahali ambapo hakuna upande uliowahi kutazama.

Ndivyo alivyofanya Kant mwaka 1781. Wengine walisema elimu ya kweli hutoka katika akili, wengine wakasema hutoka katika hisi. Kant hakugawa nusu kwa nusu. Aliuliza swali jingine: ni nini kinachowezesha tuwe na tajiriba yoyote?

Kamati yangu haikuuliza swali jingine. Tulibishana juu ya miti na ukumbi, ilhali shida ilikuwa nafasi ya kufundishia. Miaka kadhaa baadaye, nikipitia ratiba za wakati ule, niliona vyumba vitatu vikubwa vilikuwa vitupu kila siku kuanzia saa nane mchana. Mzee aliyetunza funguo alilijua hilo siku zote. Hakuna aliyemwita kikaoni, nami ndiye niliyekuwa mwenyekiti.

Lakini nisieleweke vibaya. Wapo wanaolifanya neno "njia ya tatu" kuwa mwavuli wa woga. Aristotle anatuonya pia kwamba wizi, uzinzi na mauaji havina kiasi chake. Mtumishi wa umma anayepokea nusu ya rushwa amepokea rushwa. Na anayejiita asiye na upande kati ya mwenye kuonea na mwenye kuonewa, huyo amekwisha kuchagua.

Kwa hiyo, ninyi mlioko kwenye mabaraza ya wanafunzi, kwenye harakati na kwenye ofisi za umma: kabla ya kugawa nusu kwa nusu, ulizeni pande zote mbili zinahitaji nini hasa, na zimechukulia nini kuwa hakina mjadala. Kisha mtafuteni mwenye funguo, mumpe kiti. Mkiona jambo lenyewe ni la haki na dhuluma, msitafute njia ya tatu. Shikeni ya haki.

Miembe ile ilikuwa mikongwe kuliko sisi sote tuliokaa mezani siku ile. Ingalikuwapo mpaka leo.