Kabla ya kumfukuza muuza matunda, mpeni maji

KILA kipindupindu kinapolipuka hapa nchini, moja ya amri za mwanzo huwa ileile: marufuku kuuza matunda yaliyokatwa barabarani. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 2015. Mei mwaka huo ugonjwa uliwakumba wakimbizi wa Burundi huko Kagunga mkoani Kigoma, kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika, na Agosti ukalipuka Dar es Salaam kabla ya kusambaa mikoani.

Wilaya ya Tanganyika mkoani Katavi nayo inapakana na ziwa hilo. Kwa mkulima wa papai au tikiti wa Kasekese, marufuku kama hiyo maana yake ni mzigo kuozea shambani. Tikiti lililoiva halisubiri tangazo la kufunguliwa kwa biashara. Kwa hiyo usafi wa sinia la mchuuzi si suala la bwana afya peke yake. Ni suala la soko.

Hatukatai kwamba hatari ipo. Wateja wengi hudhani tunda lenye ganda gumu haliwezi kuchafuka ndani. Si kweli. Tikiti hulala juu ya udongo, pengine uliotiwa samadi mbichi au kupitiwa na mifugo. Likikatwa bila kuoshwa, kisu huchukua uchafu wa ganda na kuupitisha kwenye nyama ya tunda. Tikiti na papai hayana ukali wa nanasi, hivyo bakteria hustawi humo kwa urahisi zaidi. Penye joto na mazingira yanayowafaa, baadhi yao huongezeka maradufu kila dakika 20. Mmoja aliyeingia saa nne asubuhi anaweza kuwa zaidi ya 500 ifikapo saa saba mchana. Hapo nzi hatujawahesabu.

Wala hili si tatizo la nchi maskini tu. Mwaka 2011 nchini Marekani, matikiti ya aina ya kantalupu kutoka shamba moja la Colorado yalibeba bakteria wa listeria na watu 33 wakafa. Wachunguzi waliwakuta bakteria hao kwenye mitambo na sakafu ya banda la kufungashia. Wenye shamba walifikishwa mahakamani.

Kinga inajulikana. Tunda lioshwe zima kabla ya kukatwa, kisu na ubao vioshwe kwa sabuni, na mkono unaopokea noti usishike vipande. Bora zaidi, likatwe mteja akishafika. Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kinachoharibika upesi kisikae kwenye joto la kawaida zaidi ya saa mbili. Vipande vya jana, basi, si vya kuuzwa leo hata vikinyunyiziwa maji ving'ae. Mkulima naye atumie samadi iliyooza vizuri, na asimpelekee mchuuzi matunda yaliyopasuka.

Lakini yote hayo yanahitaji maji. Mchuuzi mwenye ndoo moja tangu alfajiri, anayoosheamo kisu na mikono, hatapata bomba kwa kutozwa faini. Kuanzia mwishoni mwa mwaka 2018 wafanyabiashara wadogo walitakiwa kulipia kitambulisho Sh20,000, na wanaouza sokoni hutozwa ushuru. Tunauliza: ni kiasi gani cha fedha hizo kilirudi sokoni kama maji na choo?

Mwaka 2019 usimamizi wa usalama wa chakula ulihamishwa kutoka TFDA kwenda TBS. Hatutarajii TBS ifike kwenye kila gulio. Halmashauri ndiyo iliyo karibu, na ndiyo yenye maofisa afya wa kufundisha. Pasipo na bomba, tangi lenye koki, maji yaliyotiwa klorini na sabuni vinatosha kuanzia. Madiwani waliweke hilo kwenye bajeti sasa, kabla mvua hazijaanza na kabla amri nyingine ya marufuku haijatoka.