Khofu Haina Msomi

Hapa Pasiansi vijana wangu hukutana baada ya Isha kusomeana visa vya kutisha. Juzi mmoja wao, aliyekwisha soma Dracula ya Bram Stoker (1897) kwa Kiingereza, alimcheka mwenzake aliyeleta Mzimu wa Watu wa Kale (1960), kitabu cha Muhammed Said Abdulla wa Unguja, kilicho na maiti iliyokutwa mzimuni. “Hicho ni cha upelelezi tu!” Mwenzake akakifunga kitabu, kimya.

Wakati wa kuondoka, bingwa wetu aliogopa kupita makaburini peke yake. Nani alimsindikiza? Yule yule aliyechekwa.

Suratul-Hujurat, aya ya 11, inatukataza kudharauliana. Wazazi, wafunzeni watoto: kusoma ni kwa kukutanisha nyoyo, si kwa kupimana vimo.