Ombi si Amri

Wapo wadhanio kwamba programu huria, kwa kuwa msimbo wake u wazi kwa wote, haina budi kupokea kila nyongeza iombwayo. Sivyo. Django, kiunzi cha kujengea tovuti kilichotolewa kwa umma mwaka 2005, kilianza bila zana ya kubadili majedwali ya hifadhidata yaliyokwisha kuundwa. Zana iitwayo South ilifanya kazi hiyo nje yake tangu 2008. Mwaka 2014 ndipo kazi hiyo, ikiwa imeandikwa upya, ilipoingizwa katika toleo la 1.7. Kusubiri huko hakukuwa ubahili. Nyongeza ikishaingia hudai kusahihishwa na kufafanuliwa kwa miaka mingi, na wengi wa watunzaji hujitolea. Basi tuwafunze wanafunzi wetu: aombaye nyongeza na alete hoja, alete majaribio, tena awe tayari kuitunza.